Kuandika Upya Tamthilia: Mwongozo Kamili, Kutoka Rasimu ya Kwanza Hadi Mswada wa Jukwaani

Rasimu ya kwanza ya tamthilia huwa imeandikwa na mtu aliyekaa. Jukwaani watu wanasimama, wanaingia, wanajificha, wanakatizana, wanabeba vitu. Kazi ya kuandika upya, kwa jinsi ninavyoifanya, ni kuutoa mswada kitini na kuusimamisha. Ndiyo maana siuamini sana usahihishaji wa kuanza ukurasa wa kwanza na kalamu nyekundu, neno hapa, koma pale. Ukifika ukurasa wa arobaini utakuwa na sentensi tamu ndani ya onyesho ambalo baadaye utalifuta lote, na kwa sababu sentensi ni tamu utaona uchungu kulifuta.

Utaratibu ninaoufuata unaanza na makubwa na kuishia na madogo: msuko (yaani mpangilio wa matukio) kabla ya majibizano, majibizano kabla ya maneno, maneno kabla ya alama za uandishi. Humu neno "sehemu" ni yale magawanyo makubwa ya tamthilia, na "onyesho" ni kipande kimoja ndani ya sehemu.

Hatua ya 1: Uache, kisha usome kwa mkupuo mmoja

Ukimaliza rasimu, ifungie kabatini. Muda gani? Maadamu bado unaikumbuka mistari yako kwa kichwa, ni mapema. Wengi huhitaji wiki kadhaa. Kama tarehe ya mazoezi inakubana, hata siku nne za kufanya jambo jingine kabisa zina faida.

Kisha kaa uisome yote bila kuamka, kwa sauti, peke yako, saa ikiwa mezani na kalamu ikiwa mbali. Usisahihishe kitu. Andika tu dakika kila sehemu inapoisha. Ukimaliza, funga mswada, chukua karatasi tupu uandike kwa kumbukumbu kilichotokea, tukio baada ya tukio. Ulichokisahau wewe uliyekiandika, mtazamaji aliyekisikia mara moja hatakikumbuka. Karatasi hiyo itunze, utaihitaji hatua inayofuata.

Kuhusu muda: jukwaani kuna kutembea, kuna kimya, kuna kicheko, kuna taa kuzimwa na kuwashwa. Kama usomaji wako wa peke yako umechukua saa mbili kamili, usijidanganye kwamba utendaji utakuwa wa saa mbili.

Hatua ya 2: Chora ramani ya maonyesho

Kwa kila onyesho andika mambo manne tu: nani anataka nini, anakitaka kwa nani, nini kinamkwamisha, na onyesho likiisha nini kimebadilika. Usiandike mada. "Onyesho linahusu upweke wa mama" halikusaidii. "Mama anataka binti asitoke usiku huu, binti anatoka na ufunguo" ndilo jibu.

Safu ya nne ndiyo inayouma. Utakuta maonyesho mawili matatu ambamo watu wameongea vizuri, wamekumbushana ya zamani, kisha wametoka vilevile walivyoingia. Mimi huanza na kufuta, kwa kuwa ndilo jaribio jepesi: toa onyesho lote, soma la kabla yake na la baada yake bila kusimama. Kama hakuna kilichopotea, limekwenda. Kama kuna kitu kimoja kilichopotea, tuseme habari kwamba kaka ana deni, kihamishie onyesho jirani. Na kama ni onyesho unalojua kwamba lazima libaki, basi mtu mmoja ndani yake inabidi apate au akose kitu kabla taa hazijazimwa.

Jaribio jingine: badilisha nafasi ya maonyesho mawili ya katikati. Yakikubali kubadilishana bila tamthilia kulalamika, maana yake hayasukumani. Yamepangwa foleni tu. Tafuta kitu ambacho lazima kitokee katika la kwanza ili la pili liwezekane.

Halafu hesabu kurasa zilizo kabla ya tukio ambalo baada yake hakuna anayeweza kurudi alikokuwa. Rasimu nyingi huanza mapema mno. Mwandishi alikuwa anawazoea wahusika wake, akawaacha wapige soga kurasa kumi na mbili huku naye akiwasikiliza. Soga hizo zilikuwa na kazi kwake. Hadhira haizihitaji.

Unachokikata kiweke kwenye faili la mabaki, usikitupe. Kusema kweli, ni mara chache mno nimewahi kukirudisha kitu kutoka kwenye faili hilo, lakini kujua lipo kunaufanya mkono uwe jasiri.

Hatua ya 3: Jedwali la wahusika

Majina yashuke upande mmoja, maonyesho yapite juu. Tia alama kila mhusika anapokuwepo jukwaani, awe anasema au hasemi. Jedwali hili la dakika ishirini hufichua mambo ambayo kusoma mara tano hakufichui.

Litakuonyesha mtu aliyekaa jukwaani kurasa saba bila neno wala tendo, ambaye mwigizaji wake atakuuliza mikono yake aiweke wapi. Kimya chaweza kuwa na nguvu kuliko hotuba, ila kiwe kimya cha mtu anayefanya jambo: anasikiliza kwa hila, anasubiri wengine watoke, anaficha barua. Vinginevyo mtoe. Litakuonyesha pia mjumbe anayeingia mara moja, anatoa habari mbaya, anatoweka. Habari hiyo mpe mtu ambaye kuitoa kutamgharimu. Na marafiki wawili wa shujaa wanaofanya kazi ileile huwa ni mtu mmoja aliyegawanywa bila sababu.

Kwa kundi lenye waigizaji wachache jedwali lina thamani zaidi, maana mwigizaji mmoja hubeba nafasi mbili au tatu. Ukimtoa mzee onyesho la tatu na kumwingiza yuleyule akiwa askari mwanzo wa onyesho la nne, nani atambadilisha maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na kwa muda gani? Nusu ukurasa wa majibizano ya watu wengine kati ya kutoka na kuingia hutatua jambo ambalo mwongozaji angelitatua kwa muziki mrefu usio na maana.

Mwisho wa hatua hii, soma mistari ya mhusika mmoja peke yake, mwanzo hadi mwisho, ukiruka ya wengine wote. Ndivyo mwigizaji atakavyofanya siku atakapoupeleka mswada nyumbani. Utasikia wimbo anaourudia, na utaona kama anaishia palepale alipoanzia.

Hatua ya 4: Habari za nyuma

Hapa ndipo miswada mingi huvuja, kwa hiyo tukae kidogo. Hadhira inahitaji kujua yaliyotokea kabla pazia halijafunguliwa, na njia rahisi ni kumfanya mtu ayaseme. Tazama kipande hiki cha rasimu:

REHEMA: Juma! Umerudi! Tangu ugombane na baba ukaondoka miaka sita iliyopita, hukuandika hata barua moja. Sasa baba ni mgonjwa sana, nami namuuguza peke yangu. Najua umekuja kwa sababu umesikia nyumba inauzwa.

JUMA: Hapana, dada. Nimekuja kwa sababu nampenda baba na ninajutia yaliyopita.

Habari zote zimo, na hakuna cha kuigiza. Rehema anamweleza Juma mambo ambayo Juma anayajua. Juma anataja hisia zake kama anayejaza fomu. Mtazamaji hakuachiwa kitu cha kukitafuta. Sasa kipande hichohicho baada ya kuandikwa upya:

(Rehema anakunja mashuka. Juma amesimama mlangoni, begi begani.)

JUMA: Amelala?

REHEMA: Vua viatu.

(Juma anavua viatu, anaviweka kushoto mwa mlango. Rehema anavihamishia kulia.)

REHEMA: Siku hizi vinakaa huku.

JUMA: Nimekuuliza, dada. Amelala?

REHEMA: Nani kakwambia?

JUMA: Kwamba anaumwa?

REHEMA: Kwamba nyumba inauzwa.

(Juma anainama, anaanza kuvaa kiatu kimoja.)

Miaka ya kutokuwepo imeingia kwenye viatu. Ugonjwa umo katika "amelala?" na katika mashuka. Tuhuma imekuja kama swali ambalo Juma hakulitegemea, na badala ya kujitetea mkono wake umekwenda kwenye kiatu. Ni aibu au ni hasira? Hilo nawaachia mwigizaji na mwongozaji. Ugomvi na baba haujatajwa kabisa, nimeuweka akiba kwa onyesho ambalo utamkata mtu.

Kuna kilichopotea, nacho ni ile hesabu ya miaka sita. Je, tamthilia inaihitaji? Kama mbele kutatokea mtoto wa miaka mitano ambaye baba yake hajulikani, ndiyo, inaihitaji sana, na hapo ndipo mahali pake. Kama sivyo, iende.

Namna ya kuifanya kazi hii kwa mswada mzima: pitia ukipaka rangi moja kila mstari unaosimulia yaliyopita. Kwa kila mstari uliopakwa uliza ni nani jukwaani hajui habari hii. Kama wote wanaijua, hawana sababu ya kuambiana, isipokuwa wanagombana, na ugomvi ni sababu nzuri kuliko zote. Kisha uliza kama habari inaweza kuchelewa kwa onyesho moja zaidi. Mara nyingi inaweza, na tamthilia hukaza kamba papo hapo.

Hatua ya 5: Majibizano

Sasa ndipo kalamu inaruhusiwa kugusa sentensi.

Funika majina ya wahusika usome. Kama huwezi kujua nani anasema, wote wanasema kwa sauti yako. Tatizo hili kwetu tunaoandika Kiswahili lina sura yake: bibi wa miaka themanini, kijana wa kijiweni na wakili wote wanaongea kama wasoma taarifa ya habari. Dawa si kumwagia misimu kila mahali. Misimu huchuja haraka, na ndani ya miaka michache kijana wako atasikika kama baba yake. Tofauti ya kweli iko kwenye mwendo. Huyu hujibu swali kwa swali. Yule hamalizi sentensi. Mwingine hurudia neno la mwisho la mwenzake kabla hajajibu. Kuna asemaye "nani kakwambia" na asemaye "ni nani aliyekuambia", na hao hawalali nyumba moja bila kugombana.

Salamu zikate. Lugha yetu ina salamu ndefu, na ukiwaacha wahusika wako wajuliane hali jinsi watu wanavyojuliana, ukurasa mzima umekwisha kabla jambo halijatajwa. Anza onyesho salamu zikiwa zimeshapita. Ila salamu ikiwa ni silaha, ibakize: shikamoo isiyoitikiwa husema mengi kuliko aya nzima ya maelezo.

Methali nazo. Mhusika mmoja mwenye tabia ya kusema methali, tena apende kuzikosea, ni mhusika. Methali zikitoka vinywani mwa watu watano, anayesikika ni mwandishi.

Kisha jaribu kukata mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila onyesho. Wa kwanza huwa ni mlango ambao ungeweza kuuruka. Wa mwisho huwa ni mwandishi akieleza maana ya yale ambayo yameshaonekana. Nikifanya hivi kwa rasimu nzima, zaidi ya nusu ya mistari hiyo hairudi.

Katika kichekesho, mpangilio wa maneno ndio kila kitu. "Alimletea ngazi mchumba wake siku ya harusi" haimchekeshi mtu. "Siku ya harusi alimletea mchumba wake ngazi" ina nafasi, kwa sababu neno lenye mzaha limekaa mwisho na hakuna kitu baada yake cha kukanyaga kicheko.

Na kila mstari mrefu useme kwa pumzi moja, ukiwa umesimama. Ukikwama wewe uliyeuandika, mwigizaji atakwama mbele ya watu.

Hatua ya 6: Maelekezo ya jukwaani

Andika kinachoonekana na kusikika. "Anakumbuka utoto wake kwa majonzi" haigiziki. "Anaokota mwanasesere, anaupangusa kwa kanga" inaigizika. Futa vielezi vilivyo kwenye mabano kabla ya mistari, yale ya (kwa hasira), (kwa upole), (akishangaa). Mstari wenye hasira ndani yake hauhitaji kutambulishwa, na mwongozaji makini huwaambia waigizaji wayafute kabla ya mazoezi ya kwanza. Bakiza pale tu maneno na nia vinapopingana: mtu anayesema "karibu sana" kwa namna ya kufukuza.

Hatua ya 7: Kusoma mezani

Mpaka hapa umekuwa peke yako. Sasa tafuta watu, idadi inayotosha nafasi zilizopo, na mmoja wa ziada wa kusoma maelekezo. Wakiwa waigizaji ni vizuri, wakiwa marafiki wanaosoma kwa ufasaha inatosha. Jambo moja lisilo na mjadala: wewe usisome. Ukisoma utausaidia mswada. Utatia uzito pale ambapo karatasi haina uzito. Kaa pembeni, na usieleze chochote kabla, hata usuli. Tamthilia haitakuwa na wewe mlangoni ukiwaeleza watazamaji.

Kuwa na nakala yako na alama chache ambazo mkono unaweza kuziandika bila macho kuondoka kwa wasomaji. Zangu ni hizi: mstari wa wima pembeni pale ninapochoka mwenyewe, duara pale msomaji anapojikwaa, nyota pale watu wanapocheka au kutulia ghafla, alama ya kuuliza pale mtu anapofunua ukurasa wa nyuma kutafuta kitu. Ya mwisho ina thamani kubwa. Anayerudi nyuma amepotea, na mtazamaji hana ukurasa wa kurudi.

Msomaji mmoja akijikwaa kwenye mstari, huenda ni macho yake. Wakijikwaa wawili kwenye mistari inayofanana, ni sentensi yako. Na msomaji akibadilisha neno bila kujua, andika neno alilolitumia, maana ulimi wake umesahihisha kabla yako.

Usomaji ukiisha, usiulize "mmeionaje?" Watakuambia ni nzuri, kwa sababu ni watu wenye adabu na pengine uliwapa chai. Uliza maswali yanayojibika. Ni wapi ulianza kuwaza mambo yako? Mwisho wa sehemu ya kwanza ulidhani nini kitatokea? Ulitaka nani ashinde, na ulibadili mawazo wapi? Nani humkumbuki jina? Andika majibu bila kujitetea. Ukianza kueleza ulichokusudia, wataacha kukuambia walichokisikia.

Hatua ya 8: Kuchuja maoni

Acha maoni yalale siku mbili tatu, kisha yapange kwa mahali, si kwa mtu. Watano wakisema mambo matano tofauti kuhusu ukurasa wa thelathini, mmoja anataka mhusika afe, mwingine anataka wimbo, wa tatu anasema ni parefu, jambo la hakika ni kwamba ukurasa wa thelathini una ugonjwa. Dawa walizotaja waweza kuziacha zote. Tena mara nyingi ugonjwa wenyewe umeanzia mbali: mwisho usiogusa husababishwa na ahadi ambayo haikutolewa mwanzoni, na kuuandika upya mwisho mara saba hakutasaidia.

Maoni ya wanaoyajua maisha unayoyaandika ni jambo jingine. Mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandaa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kule Kamiriithu, Kenya, mswada ulisomwa na kufanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji, wakulima na wafanyakazi, wakasahihisha lugha, nyimbo na mambo ya historia waliyoyaishi wenyewe. Masahihisho ya namna hiyo hayachujwi kwa ladha. Kama mvuvi anakuambia hakuna mtu anayeshika wavu hivyo, badilisha.

Gumu zaidi ni ombi linalotoka kwa mwenye uwezo wa kuipandisha au kutoipandisha tamthilia. Mwaka 1955 Elia Kazan, mwongozaji wa Cat on a Hot Tin Roof, alimwomba Tennessee Williams abadilishe sehemu ya tatu, pamoja na kumrudisha jukwaani mhusika mwenye nguvu aliyekuwa ametoka sehemu ya pili. Williams alibadilisha, tamthilia ikafanikiwa, naye alipoichapisha akaweka matoleo yote mawili ya sehemu hiyo ili msomaji aamue. Henrik Ibsen yalimkuta mazito zaidi. Mwigizaji mkuu katika utendaji wa Ujerumani wa A Doll's House mwaka 1880 alikataa kuigiza mama anayewaacha watoto wake, na sheria za hakimiliki za wakati ule hazikumlinda mwandishi. Ibsen akauandika mwisho mwingine kwa mkono wake mwenyewe, akiuchukia, kuliko kumwachia mtu mwingine auharibu.

Wewe una nafasi ambayo Ibsen hakuwa nayo: makubaliano ya maandishi. Kabla ya mazoezi, andikeni kwamba mabadiliko yoyote ya maneno yatapita kwako, na kwamba yatakayoingia mazoezini yatakuwa mali yako. Fanya hivyo hata kama mwongozaji ni rafiki. Hasa kama ni rafiki.

Nikipewa ombi nisilolipenda, najiuliza jambo moja: je, linanitaka niseme vizuri zaidi ninachosema, au linanitaka niseme kingine? La kwanza nalijaribu hata nikiwa nimenuna. La pili nalikataa kwa adabu, na nalikataa mapema, kabla watu hawajakariri.

Hatua ya 9: Mazoezini

Mazoezi huonyesha ambacho meza haikuweza. Mhusika anatakiwa amwage maji, afungue mlango na kusema mistari minne, na mikono ni miwili. Mtu anaingia sekunde kumi baada ya kuitwa ilhali jukwaa ni refu kuliko ulivyofikiria, na waliomo jukwaani wanatazamana tu sekunde hizo kumi. Mahali hapo huandikwa upya papo hapo, mara nyingi kwa kukata.

Utaratibu ni adabu, na pia ni usalama wa kazi. Maelezo yako yapitie kwa mwongozaji. Usimvute mwigizaji pembeni kumfundisha namna ya kusema. Kurasa mpya zitoke kwa pamoja, zikiwa na tarehe juu na namba ya toleo, na kama mnaweza ziwe za rangi nyingine, ili kila mtu aone kwa jicho moja nani ameshika karatasi ya zamani. Meneja wa jukwaa awe na nakala kuu, na hiyo ndiyo sheria pakitokea ubishi.

Kila unapokata, fuata mkia wa ulichokikata. Umeondoa mistari miwili ambamo Rehema anataja ufunguo. Sehemu ya pili Juma anautoa mfukoni ufunguo ambao hadhira haijawahi kuusikia. Kabla ya kugawa kurasa mpya, tafuta kwenye faili kila penye jina la kifaa, mtu au siku uliyoigusa.

Wekeni pia siku ya mwisho ya mabadiliko. Kubadili neno moja ni kitu kidogo kwako, lakini mwigizaji amelifunga neno hilo na hatua, na taa, na mwenzake anayelisubiri ili aingie. Wiki ya mwisho nakubali kukata tu, tena kipande kizima chenye mwanzo na mwisho unaoeleweka. Kuongeza, hapana.

Hatua ya 10: Mbele ya hadhira, kisha mswada wa mwisho

Siku za kwanza kaa pembeni au nyuma mahali unapoweza kuona nyuso. Jukwaa unalijua. Watu wakianza kukohoa, kujisogeza na kuangalia simu kwa pamoja, tazama saa uandike dakika. Usiku mmoja hautoshi, huenda ilikuwa joto. Dakika hiyohiyo ikikutia aibu siku tatu mfululizo, tafuta chanzo chake kurasa tano nyuma. Kicheko kisichotegemewa kikimeza mstari muhimu, usimlaumu mtazamaji. Weka hapo mstari usio na uzito, halafu ule muhimu uufuate.

Ukubwa wa unachoweza kukata hata ukiwa umechelewa usikutishe. The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde iliandikwa ikiwa na sehemu nne. Kabla haijaoneshwa London mwaka 1895, George Alexander, aliyeiandaa na kuigiza ndani yake, alimwomba mwandishi aifanye tatu. Onyesho zima la mhusika kudaiwa madeni likaondoka, na yenye sehemu tatu ndiyo inayopandishwa jukwaani mpaka leo.

Utendaji ukiisha, ndani ya wiki moja kaa na meneja wa jukwaa na nakala yake kuu. Mstari kwa mstari, amua kipi kilibadilishwa kwa sababu ya tamthilia na kipi kwa sababu ya ukumbi ule, au kwa sababu mwigizaji yule alikuwa na goti bovu. Ya kwanza yaingie kwenye mswada, ya pili yatoke. Usiliahirishe jambo hili. King Lear ya Shakespeare imetufikia katika matoleo mawili, la 1608 na la 1623. La kwanza lina mistari kama mia tatu ambayo la pili halina, na la pili lina kama mia ambayo la kwanza halina, na mpaka leo wahariri wanabishana lipi lifuatwe. Wewe uko hai, unaweza kuulizwa.

Hapo sasa ndipo koma, herufi kubwa na majina yaliyoandikwa namna mbili. Mpe mtu mwingine ayasome, maana macho yako yameshapofuka kwa mswada huu. Faili lipe jina la tamthilia, mwaka na neno "jukwaani", yale mengine yote yahamishie kwenye folda ya zamani, na anayeomba mswada kuanzia siku hiyo atumiwe hilo moja tu.